Askari wa chini naye ana jina

Tarehe 14 Novemba 2018, katika pori ya Kididiwe, teritware ya Beni, askari mumoja wa Malawi alikufa. Hakuwa jenerali, hakuwa koloneli, hakuwa hata kaporali. Alikuwa soda wa daraja la chini kabisa. Jina lake ni Chancy Chitete. Ile siku walinda amani wa MONUSCO pamoja na askari wetu wa FARDC walikuwa wanapigana na ADF. Risasi zilikuwa nyingi. Kaporali mumoja wa Tanzania, Ali Khamis Omary, alijeruhiwa vibaya, hakuweza tena kutembea. Chitete akamuvuta mpaka mahali pa kujificha, akaanza kumufunga kidonda. Katika kazi ile njo risasi ilimupata yeye. Walinda amani nane wa Malawi na Tanzania walikufa katika mapigano yale.

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Mei 2019, mujane wake aliitwa New York. Katibu mukuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alimukabizi medali yenye jina la kapiteni Mbaye Diagne, yule Musenegali aliyeokoa watu wengi Kigali mwaka 1994 mpaka naye akauawa. Medali hiyo iliundwa mwaka 2014 kwa kuheshimu uhodari usio wa kawaida. Haitolewi ovyo. Walimupa soda wa chini, mutoto wa watu wasiojulikana, sababu alikataa kuacha mwenzake katika damu.

Wandugu wasomaji, hatuandiki haya juu ya kusifu MONUSCO. Watu wa Beni wako na maneno yao juu ya MONUSCO, na maneno yale yana sababu. Wakati watu walichinjwa usiku karibu na kambi zake, wengi waliuliza: bale balikuya kutulinda beko wapi? Swali lile lingaliko. Lakini kulaumu shirika ni jambo moja, na kumujua mutu ni jambo lingine. Chitete hakuandika mandat ya MONUSCO. Hakuchagua wakati wa kutoka kambini wala wakati wa kubaki. Alitumwa, akaenda, akakufa katika udongo wetu, wakati ule ule ambapo Ebola ilikuwa inaua watu Beni na waganga hawakuweza kufika vijijini juu ya usalama mubaya. Kumukumbuka hakufuti lawama hata moja.

Sasa swali letu lenyewe ni hili. Ile siku ya Kididiwe, askari wa FARDC nao walikufa. Walipigana pamoja na Chitete, wakapigwa na risasi za adui mumoja. Wao majina yao ni nani? Walizaliwa wapi? Nani aliwazika? Uliza Beni, uliza Butembo, uliza Oicha. Utapata mutu wa kukutajia jina la Mumalawi, sababu lilisomwa New York. Jina la Mukongomani aliyelala pembeni yake, huenda hautapata mutu wa kukutajia.

Si mara moja. Tarehe 7 Desemba 2017, ADF walishambulia kambi ya walinda amani pa Semuliki, kwenye barabara ya kwenda Kamango. Watanzania wasiopungua 14 waliuawa usiku ule, na Umoja wa Mataifa ulisema ni shambulio baya kupita yote lililopata walinda amani wake kwa miaka mingi. Miili yao ilirudishwa Dar es Salaam, ikapokelewa kwa heshima, bendera juu ya kila sanduku, jina kwa jina. Askari wa FARDC watano walikufa nao pale Semuliki. Watano tu, mutu angeweza kuwaandika kwa karatasi moja ndogo.

Ao tuangalie Januari 2025, vita ya Sake na Goma. Afrika ya Kusini ilipoteza askari 14. Serikali yao ilitangaza majina yao kabla hata miili haijarudi, na siku sanduku zilipofika, raisi wao alikuwa pale kusimama mbele ya familia. Malawi ilipoteza watatu, nayo ikalia watatu wake. Sisi wenye inchi, wenye kupoteza wengi kupita wote, hatukusikia orodha ikisomwa kwa radio, siku ile wala kiisha. Tulisikia cheo cha gavana wa kijeshi aliyeuawa kwenye mustari wa mbele, jenerali Peter Cirimwami, na ilikuwa haki kumutaja. Lakini jenerali hakuwa peke yake mbele ya adui. Mutu wa kubeba radio, mutu wa kubeba masanduku ya risasi, dereva, mulinzi, nao walikuwa pale.

Hii desturi ya kukumbuka mukubwa na kusahau mudogo haikuanza jana. Tuliipokea toka zamani za Wabelgiji. Mwaka 1916, jeshi la Force Publique liliingia katika makoloni ya Wadachi. Likakamata Kigali mwezi wa Mei, Kigoma mwezi wa Julai, na tarehe 19 Septemba likaingia Tabora. Waliopiga ile vita walikuwa Wakongomani, na Kiswahili kilikuwa moja ya luga za njia yao. Nyuma ya askari kulikuwa wapagazi, wale watu walibeba chakula, mizinga na risasi kwa kichwa, kupita milima na mabwawa. Vitabu vya historia vinahesabu wapagazi karibu 260 000 kwa miaka ile ya vita. Maelfu na maelfu walikufa, zaidi kwa njaa, kuhara na baridi kuliko kwa risasi. Jenerali aliyeongoza, Charles Tombeur, akapewa cheo cha baron, na jina la Tabora likaunganishwa na jina lake. Mpaka leo ana sanamu kule Saint-Gilles, Bruxelles. Muzungu mumoja alibeba jina la muji. Watu waliobeba mizigo mpaka muji ule hawakubakia na jina hata moja kwa jiwe.

Vita ya pili, vilevile. Mwaka 1941 askari wa Kongo walitembea mpaka Ethiopia, wakapiga Wataliani pa Asosa, pa Gambela, kiisha pa Saïo, ambako jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwao mwanzoni mwa Julai. Bukavu tuko na kambi ya jeshi inaitwa Saïo. Kinshasa kuko avenue Saïo na avenue Tabora. Watoto wanapita pale kila siku kwenda masomo. Muulize mumoja: Saïo ni nani? Atakujibu ni jina la mukubwa fulani wa zamani. Hapana, ni mahali ambapo babu zetu walikufia. Tuliweka jina la pori, tukaacha majina ya watu.

Kulikuwa Mukongomani aliyefahamu jambo hili mapema. Paul Panda Farnana, mutoto wa Bas-Congo aliyesomea Ubelgiji, alijitolea kupigana mwaka 1914, Wadachi wakamukamata pa Namur, akakaa mufungwa mpaka mwisho wa vita. Aliporudi, mwaka 1919, alianzisha chama cha Union Congolaise, na katika kazi za chama kile kulikuwa kutetea wale Wakongomani waliopigana na sasa wanaachwa bila kuangaliwa. Ni zaidi ya miaka mia moja. Na mwezi wa Juni 2022, wakati mufalme Philippe alifika Kinshasa, alimufungia medali kaporali Albert Kunyuku, muzee wa miaka 100, askari wa zamani wa vita ya pili. Wengi walipiga mikono. Sisi pia tulifurahi. Lakini tuseme kweli: ili soda wa Kongo apate kuheshimiwa jina lake lote mbele ya watu, ilibidi aishi miaka 100, na mufalme atoke ngambo. Ni askari wangapi wanafika miaka 100?

Mutu mwingine atasema: jina ni heshima tu, na heshima haijazi sahani. Hapa njo tunataka tusikilizane vizuri. Kwetu, jina la askari aliyekufa ni chakula pia.

Angalia namna mambo yanapita. Soda amekufa huko porini. Mama yake yuko Kananga ao Bandundu, bibi yake yuko kambini na watoto wane. Habari inafika namna gani? Mara nyingi ni mwenzake anapiga simu: "Mama, ujikaze, papa hayuko tena." Hakuna karatasi, hakuna mukubwa anayefika mulangoni. Mwili ulibaki msituni sababu kikosi kilirudi nyuma. Basi familia inafanya kilio bila mwili, wengine hawafanyi hata kilio, wanangoja, maana simu si ushuhuda. Kuna wamama wanangoja toka miaka mitano, kumi. Wanasema pengine yuko mufungwa, pengine alikimbilia Uganda. Kumwambia mama vile "alikufa" bila kumuonyesha kitu, ni kumuongezea ugonjwa.

Kiisha mujane anaenda kutafuta haki yake. Sheria ipo: ile ya tarehe 15 Januari 2013 juu ya hali ya mwanajeshi wa FARDC haisahau mujane na yatima. Lakini ofisini wanamuomba hati ya kifo. Hati ya kifo inaomba mwili ao ushuhuda wa komandan. Komandan amehamishwa, yuko Ituri, ao naye amekufa. Wanamuomba hati ya ndoa. Yeye aliolewa kwa mahari, mbuzi na nguo vilitolewa, wazee wawili wa familia waliona, lakini hawakupita kwa état civil, sababu bwana alihamishwa kila mwaka. Bila mwili hakuna karatasi, bila karatasi hakuna pesa. Wakati ule ule, askari mupya anahitaji nyumba kambini, na mujane anaombwa kufunga vitu vyake. Anatoka na watoto, na masomo ya watoto yanaishia pale.

Kumbe, upande mwingine, jina la marehemu linaweza kuwa na uzima wa ajabu. Watu wa umri wetu wanajua hadisi ya askari wa karatasi: wamekufa, wametoroka, hawakuwa hata siku moja, lakini kila mwezi solde yao inatoka. Ujumbe wa Ulaya, EUSEC, uliofika mwaka 2005, ulianza kazi yake kwa kuhesabu askari mutu kwa mutu na kutenga njia ya pesa na njia ya amri, sababu ilionekana kwamba mukubwa mwenye kuongoza vita asiwe pia mwenye kushika mufuko wa solde. Maendeleo yalionekana, na leo wengi wanalipwa kwa banki. Lakini musingi wa ule wizi uko wazi: ukiacha kutangaza aliyekufa, kuna mutu anayefaidika. Kifo kikifichwa, marehemu anaendelea kuhesabiwa muzima kwenye liste, na mujane wake anahesabiwa si kitu. Orodha ya wafu ikisomwa wazi, mbele ya watu, wizi ule unakosa mahali pa kujificha. Njo maana tunasema jina ni chakula.

Sasa tujibu wale wanaokataa, sababu wapo na tunawasikia.

Wa kwanza wanasema: "Basoda? Bale banatusumbua ku bariere? Banakula mbuzi za batu? Tubakumbuke juu ya nini?" Hasira hii hatuidharau. Kuna raia walioibiwa na mutu mwenye uniforme ya FARDC, kuna wamama na wasichana waliotendewa vibaya kupita kuibiwa. Kesi zile ni za tribunal ya kijeshi, na tunaomba zihukumiwe, mukubwa na mudogo pamoja. Lakini angalia: jeshi lisilojua majina ya wafu wake, halijui pia majina ya waharibifu wake. Daftari ni moja. Soda anayejua kwamba akikufa hakuna atakayemutaja na watoto wake watafukuzwa, ule ni soda anayeanza kujilipa mwenyewe ku bariere. Hatusemi ni sababu ya kumusamehe. Tunasema ni mulango mumoja wa ubaya, na unaweza kufungwa.

Wa pili wanasema hesabu ya wafu ni siri ya vita, adui atafurahi. Kwa juma moja, ao hata mwezi, tunaweza kukubali. Lakini Kididiwe ni mwaka 2018. Semuliki ni 2017. Siri gani ingali inalindwa pale? Adui anajua aliua wangapi, alikuwa pale. Mwenye hajui ni mama mutu.

Wa tatu wanasema: "Ni basoda, kazi yabo njo kufwa." Neno hili linatuuma zaidi, sababu linasemwa bila hasira, kama vile kusema kazi ya mvua ni kunyesha. Kazi ya askari ni kulinda. Kufa ni bei anayoweza kulipa katika kazi ile, na anailipa kwa niaba ya mutu mwingine. Mutu akilipa deni yako, unamuuliza jina lake. Hata sokoni tunafanya vile.

Wa nne wanasema tuko tayari na mashujaa. Ni kweli. Kila Januari tunafunga kazi kwa wafia uhuru, kwa Mzee Kabila na kwa Lumumba. Na watu wa Beni hawajamusahau koloneli Mamadou Ndala, aliyeuawa tarehe 2 Januari 2014 karibu na muji wao. Yeye walimulilia kama mutoto wa nyumba, sababu walimuona kwa macho, alitembea nao. Hatutaki kumutoa mutu mahali pake. Lakini koloneli mwenyewe, angekuwa hai, angeuliza: na vijana wangu, mumewaandika wapi?

Basi tunaomba nini? Hatuombi sanamu kubwa ya shaba. Sanamu inakula pesa, inafunguliwa na bakubwa, kiisha majani yanaota. Tunaomba mambo mane madogo.

Moja, kila kikosi kiwe na daftari la wafu: jina lote, mahali pa kuzaliwa, siku na mahali pa kifo, jina la mutu wa kujulishwa. Nakala moja ibaki kikosini, moja iende Kinshasa, moja ibaki kwa komine ao teritware alikotoka marehemu. Kwa vile, komandan akihamishwa, ushuhuda haumufuati katika sanduku lake.

Mbili, kifo kipelekwe nyumbani na mutu mwenye cheo, kwa miguu yake, na karatasi mukononi. Simu ya mwenzake ni huruma, si kazi ya serikali. Karatasi ile iandikwe hata kama mwili haukupatikana, na wazee wa familia wakubaliwe kuwa mashahidi wa ndoa ya mahari. Mujane asitolewe kambini mpaka karatasi zake zimekwisha.

Tatu, majina yasomwe. Siku ipo tayari, hatuhitaji kuunda nyingine. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi yote Wakongomani wanaenda makaburini kufagia na kupanda maua, kiisha mangaribi wanakula na wazazi walio hai. Asubuhi ile, katika kila kambi, majina ya waliokufa mwaka ule yasomwe kwa sauti, na familia zikubaliwe kuingia. Soda ambaye kaburi lake liko porini, angalau jina lake lisikike mahali ambapo mama yake anaweza kusimama.

Ine, kule Beni, muji uchague masomo moja ao barabara moja, iandikwe jina la Chancy Chitete. Si kwa kumupendeza mugeni. Alikufa akiokoa mutu ambaye hakuzaliwa naye, kwa inchi ambayo haikuwa yake. Watoto wa Beni, waliokua katika mauaji, wanahitaji kujua kwamba kitu kama kile kilitendeka karibu nao. Lakini chini ya jina lake, kwa jiwe lile lile, waandikwe wale askari wa FARDC waliokufa naye ile siku. Jeshi litafute majina yao katika makaratasi yake. Wenzao wangali hai, komandan wao anajulikana. Kazi ile haiombi hata mwezi.

Na kama litatafuta na lisipate? Basi tutajua kitu kingine, na kitakuwa kibaya kupita: kwamba tunatuma watoto wa watu vitani bila kuandika nani ametoka asubuhi. Hapo haitakuwa tena neno la kumbukumbu. Itakuwa neno la kujibu, mbele ya bunge na mbele ya wazazi.

Wakubwa wa minisitere ya ulinzi wanasoma gazeti hili, tunajua. Wako na daftari ao hawana? Watuambie. Na wewe musomaji, kama katika karte yako kuna mujane wa soda, usingoje serikali. Muulize bwana yake aliitwa nani, umuandikie jina lile vizuri kwa karatasi, na tarehe, na mahali. Umuonyeshe njia ya komine, na kama una nafasi, umusindikize.